Ramani Isiyo na Mwaka

Inspekta Fenna Harms hakuja kununua kitabu. Alisimama mbele ya kaunta ya Bi Gesche Reemts bila kuvua koti, akaweka mezani mfuko wa nailoni wa ushahidi. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha mwongozo wa safari kilichovimba kwa maji ya chumvi mpaka majalada yakashindwa kukutana.

"Hiki kimetoka kwako?"

Bi Gesche alivaa miwani, akaugeuza mfuko juu chini. Alikuwa mjane wa miaka sitini na nane, na duka lake la vitabu vya safari na ramani lilikuwa nyumba ya mwisho ya Klinthusen kabla ya tuta la bahari. Kila msafiri aliyetaka kuvuka tope kwa miguu kwenda kisiwa cha Senneroog, maji yakiwa yamekupwa, alipita mlangoni kwake kwanza.

"Kimetoka kwangu. Tazama, tarehe ya penseli nyuma ya jalada, huo mwandiko wangu. Ni cha yule mwalimu. Maskini wa Mungu."

Mwalimu mwenyewe aliitwa Lothar Brückmann, mstaafu wa hisabati kutoka Kassel. Siku kumi na tisa zilizopita alitolewa kwenye mkondo akiwa na buti zake miguuni na begi lake mgongoni. Kituo kizima kilisema ajali: mgeni, peke yake, bila kiongozi, unatarajia nini? Jalada la kesi lilikuwa limeshafungwa kwa kamba. Aliyeifungua ile kamba ni Fenna, na wenzake walimcheka, kwani Fenna mwenyewe alizaliwa bara, kwenye mashamba ya viazi, na bahari aliijua kwa kuitazama tu.

"Nitolee kitabu kama hiki," alisema. "Kipya, kutoka rafuni."

Bi Gesche alileta. Fenna alivaa glavu, akachomoa ramani kutoka kwenye mfuko wa karatasi ulioko nyuma ya kila kitabu, ile mpya na ile ya marehemu, akazitandaza ubavu kwa ubavu.

Ile mpya ilikunjwa mara nane. Ya marehemu ilikunjwa mara sita. Mpya ilikuwa na jina la mwandishi na mwaka wa kuchapwa kwenye pembe ya chini kulia. Ya marehemu haikuwa na pembe kabisa. Mtu aliikata, kwa mkasi, taratibu, mstari umenyooka.

"Hukuuza kitabu hiki na ramani hii," Fenna alisema.

"Siwezi! Kila kitabu nakifungua mbele ya mteja. Namwonyesha mwaka kwa kidole changu."

"Kwa hiyo ilibadilishwa baadaye. Hebu niambie, Bi Gesche. Mtu akija hapa, anataka kwenda peke yake, unamchagulia vipi kitabu?"

Hapo mama alisahau kwamba anahojiwa na polisi. Mgongo ulimnyooka.

"Wengi wanataka chenye picha nzuri. Nawaambia, picha haitakuvusha. Kwanza natazama mwaka. Tope letu linahama, Inspekta. Dhoruba moja tu ya Januari, mkondo ulioulaza huku unaamkia kule. Ramani ya mji ya miaka kumi bado ni ramani. Ramani ya huku ya miaka kumi ni karatasi ya kufungia samaki. Halafu namtazama mwandishi. Je, amekanyaga mwenyewe au amenakili kwa wenzake? Aliyekanyaga anakwambia ni kwenye mti wa ngapi, kati ya ile ya alama iliyochomekwa topeni, ugeuke. Aliyenakili anakwambia mandhari ni ya kupendeza."

"Na huyu Tjark Onnen aliyeandika hiki, amekanyaga?"

"Kila mwezi. Kijana ana kiburi, lakini amekanyaga." Alifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Na kila mteja namwambia neno moja la mwisho, hata akininunia. Maandishi ya kitabu na ramani yake vikigombana, usikae kuamua nani mkweli. Geuka. Fuata nyayo zako mwenyewe, rudi ulikotoka."

"Mwalimu ulimwambia?"

"Nilimwambia. Alicheka. Alisema yeye husoma ramani tu, maandishi ni ya watoto."

Fenna aliisogeza ile ramani isiyo na pembe. "Hii umewahi kuiona?"

Bi Gesche aliitazama muda mfupi mno. "Ya zamani. Tuliuza za namna hii marehemu mume wangu alipokuwa hai. Zilizobaki nilimpa Tjark alipoanza kuandika kitabu chake."

"Zote?"

"Nadhani."

"Nani aliichora?"

"Aa, miaka mingi hiyo, nani anakumbuka." Akageuka kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Fenna aliandika kwenye daftari: Onnen, mabaki ya ramani. Chini yake akaandika: mama anaficha. Alilipigia mstari neno la mwisho. Kisha akauliza swali la kawaida kabisa, la kufungia mazungumzo.

"Tangu mwalimu, umeuza vingine vya namna hii?"

"Viwili vya zawadi, hao hawaendi popote. Na kimoja leo asubuhi, mama mmoja wa Slovenia." Bi Gesche alifungua daftari lake la kaunta, kwani mtu aendaye peke yake alikuwa hatoki dukani bila kuacha jina na namba ya simu. "Alenka Mrak. Ametoka hapa saa tatu na nusu. Anavuka leo."

Fenna alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Maji yanageuka saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika kumi." Sauti ya Bi Gesche ilishuka. "Na leo ni bamvua."

Neno hilo hata mtoto wa mashamba ya viazi alilijua. Mwezi mpevu ulikuwa jana. Maji ya leo yangeenda mbali kuliko siku zote, na yangerudi kwa kasi kuliko siku zote, tena yasingerudi kutoka mbele. Yangeingia kwanza kwenye mifereji iliyoko nyuma ya mtu, bila kelele, naye bado anasonga mbele miguu mikavu.

Fenna alipiga namba ya yule mama. Haipatikani. Akampigia konstebo wake, Enno Saathoff, aliyekuwa juu ya tuta na gari.

"Enno, kuna mwanamke peke yake kwenye tope?"

"Namwona, Afande. Koti la njano, kama kifaranga. Kwa darubini naona anatembea vizuri tu."

"Peleka kiongozi amrudishe. Sasa hivi."

"Viongozi wote wako Senneroog na makundi yao. Boti ya uokoaji imekaa kwenye tope bandarini, haitaelea mpaka maji yaje. Lakini tuna bahati. Mzee Habbo yuko kule kule, kama nusu kilomita nyuma yake. Namjua kwa ile fimbo na kuchechemea kwake. Nimpigie?"

Habbo Reemts. Fenna alimjua kwa sifa. Kiongozi wa miaka arobaini, aliyevusha maharusi, mapadri, na hata ng'ombe mmoja. Mzee alikuwa na nyonga mbovu tangu majira ya baridi ya mwaka juzi na hakuongoza tena, lakini kulikuwa na nani mwingine?

"Mpigie. Mwambie amfikie. Mwanamke naye umpigie honi ya gari, asimame amngojee."

"Imekwisha hiyo, Afande."

Fenna alishusha pumzi. Alipogeuka, Bi Gesche alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, uso mweupe kama unga.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Habbo. Atamfikia. Anaijua kila hatua."

"Basi tushukuru. Aliketi wapi, huyu Alenka, kabla hajaondoka?"

"Chumba cha nyuma. Wasafiri wangu wote nawakalisha pale wasome kitabu, nawawekea chai. Leo nilimwachia birika, nikaenda posta dakika ishirini. Niliporudi alikuwa anavaa begi. Wateja wakaingia, sijapata hata nafasi ya kutoa vyombo."

"Hujatoa vyombo?"

"Sijatoa."

Fenna alikuwa ameshapita pazia.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza ya duara, mlango wa uani, na kapu la karatasi chafu. Juu ya meza palikuwa na birika, bakuli la sukari ya mawe, kijagi cha malai na vikombe viwili.

Fenna aliinama bila kugusa. Kikombe cha kwanza kilikuwa cheupe, cha wageni. Kilijaa pomoni, chai imepoa, malai yamekorogwa mpaka yote imekuwa rangi ya maji ya mtaro. Kijiko kililala kwenye kisahani. Kikombe cha pili kilikuwa na ua jekundu ubavuni. Kilikuwa kitupu, na chini yake kipande cha sukari ya mawe hakijayeyuka. Kijiko kilisimama ndani.

"Uliwamiminia wangapi?"

"Mmoja. Alikuwa mmoja."

"Bi Gesche, njoo uone. Huyu wa kikombe cheupe ni mgeni. Amekoroga."

"Wageni wote wanakoroga," alisema Bi Gesche, na hata katika hofu ile alisikitika kidogo.

"Tena hajui kukataa. Ameweka kijiko kwenye kisahani, mwenyeji akamwongeza. Akaweka tena, akaongezwa tena, mpaka ameondoka kikombe kimejaa. Lakini huyu wa pili hakukoroga, sukari bado ipo. Alipotosheka alitia kijiko ndani ya kikombe. Mtu wa Slovenia atajulia wapi kwamba kijiko ndani maana yake asante, basi? Huyu ni mtu wa kwetu. Ameketi na mgeni wako dakika ishirini nzima, amemmiminia chai, amepita mlango wa uani. Nani ana ufunguo?"

Bi Gesche alikuwa anatazama lile ua jekundu.

Fenna alipindua kapu la karatasi. Zilianguka bahasha, risiti, ganda la chungwa. Mwisho ikaanguka ramani mpya, imekunjwa mara nane, haijafunguliwa hata mkunjo wa pili. Jina la Tjark Onnen na mwaka vilikuwa pembeni, mahali pake.

"Nani ana ufunguo, Bi Gesche?"

Mama aliketi. "Kikombe hicho kina msumari wake jikoni. Hakuna anayekigusa. Ni cha Habbo." Akaanza kulia bila sauti. "Ramani ni yake. Aliichora yeye, miaka ishirini na mbili iliyopita, kwa miguu yake, mimi na mume wangu tuliiuza. Kwenye pembe palikuwa na jina lake. Mabaki nilimpa Tjark machache, mengine Habbo akachukua. Niliijua uliponionyesha. Nilidhani... Sijui nilidhani nini. Nilimwonea huruma."

Fenna hakuwa na nafasi ya kumlaumu. Kilichokuwa kinamzunguka kichwani ni kimoja tu: ni yeye aliyetoa amri mwanamke yule asimame, amngojee Habbo.

Simu iliita. Enno.

"Kazi kwisha, Afande! Mzee amemfikia, nimewaona wamesimama pamoja. Niagize mikate ya samaki?"

"Enno, nyamaza unisikilize. Wanarudi?"

"La. Wanaendelea mbele. Nilidhani anampitisha njia fupi."

"Ile ndiyo njia iliyomuua mwalimu. Ita helikopta. Pigia Senneroog, kiongozi yeyote aanze kuja kwa upande wao."

"Afande." Sauti ya Enno haikuwa na mzaha tena. "Ukungu unaingia. Ulikuwa kule nje mbali, sasa umeshafika kisiwani. Kisiwa hakionekani tena."

"Ita hivyo hivyo. Na washa honi ya gari. Kila dakika moja, ndefu. Usiache mpaka nikwambie."

Alipiga tena namba ya Alenka Mrak. Safari hii iliita. Iliita mara nne, tano, na Fenna akamsikia Bi Gesche akiomba Mungu kwa sauti ya chini.

"Halo?" Upepo ulikuwa unavuma ndani ya simu. Kijerumani cha mwanamke kilikuwa cha kukatakata lakini cha uchangamfu.

"Bi Alenka, naitwa Fenna, niko dukani kwa Bi Gesche. Kuna mzee na wewe?"

"Ndiyo! Bwana Habbo. Mtu mzuri sana. Ndiye alinipa ramani nzuri asubuhi, kumbe amenifuata aone kama niko salama. Nyumbani kwetu milimani hakuna watu hivi."

Fenna alifumba macho. Angesema nini? Kimbia, uko na muuaji? Mzee alikuwa na fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, na mwanamke hakujua kaskazini wala kusini.

"Anasikia ninachosema?"

"Hapana. Yuko mbele kidogo, anachomachoma mchanga. Kwa nini?"

Mkono ulinyooshwa, ukaichukua simu. Bi Gesche alikuwa amesimama, machozi hajayafuta.

"Mwanangu, ni mimi Gesche. Una kitabu mkononi? Fungua ukurasa wa sitini na nne. Soma mstari wa juu. Kimoyomoyo, usitoe sauti, kisha uniambie unavyosema kuhusu mti wa saba."

Walisikia karatasi ikipigwa na upepo. Honi ya Enno ililia mbali, nje ya dirisha, na sekunde chache baadaye ikalia tena ndani ya simu.

"Kinasema, kwenye mti wa saba wa mbetula, geuka kulia, uelekee mnara wa taa."

"Ramani inasemaje?"

"Ramani..." Karatasi ilipigwa tena na upepo. "Ramani inasema moja kwa moja."

"Mti wa saba mmeupita?"

"Tuko hapo. Bwana Habbo anasema moja kwa moja."

"Mwanangu. Leo asubuhi nilikwambia nini, vikigombana?"

Uchangamfu ulikwisha ghafla. Waliisikia pumzi ya mwanamke, fupi fupi. Nyuma yake sauti ya mzee iliita, nzito, ya upole: "Twende, binti, muda unakwenda!"

"Nyayo zangu," Alenka alinong'ona.

"Nyayo zako. Usigombane naye, usimweleze. Geuka sasa hivi. Na ukungu ukikufika, fuata honi."

Simu ikakatika.

*

Juu ya tuta hapakuwa na bahari tena. Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye nyasi, na kilichobaki cha dunia ni miti mitatu ya mbetula iliyochomekwa kwenye tope, wa tatu ukionekana nusu. Enno alikaa garini mkono juu ya honi. Helikopta ilijibu kwamba haiwezi kushuka. Senneroog walijibu kwamba kiongozi wao ameshaanza, lakini ana mwendo wa saa nzima na haoni fimbo yake mwenyewe. Bandarini boti ya uokoaji ilikuwa imelala ubavu, vijana wamekaa ndani yake na makoti ya kuokolea, wakingojea yale yale maji waliyokuwa wanayaogopa.

Saa sita na nusu. Fenna aliteremka mpaka kwenye ukingo, akasimama tope likiwa kwenye kifundo cha mguu. Bi Gesche alikuja nyuma yake akiwa bado na viatu vyake vya kuvaa dukani. Hakuna aliyemwambia arudi.

"Kwa nini?" Fenna aliuliza bila kumtazama. "Mtu aliyevusha watu miaka arobaini. Kwa sababu jina lake halikutajwa kwenye kitabu?"

"Sijui, mwanangu. Walipomzika mwalimu hakuongea siku tatu. Siku ya nne aliniuliza kama mwalimu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Nikamwambia hapana, alikuwa mjuaji. Akasema, 'Nilijua.' Akanywa chai yake, akalala vizuri."

Yale hayakuwa maneno ya mtu aliyefurahia kuua. Lakini hakupata nafasi ya kuyafikiri, kwani kwenye mtaro ulio mbele yao, uliokuwa mkavu dakika kumi zilizopita, kitu kilipita. Kilikuwa povu, upana wa kiganja, likielekea bara polepole.

"Yamekuja," Bi Gesche alisema.

Saa saba kasoro robo mtaro ulikuwa na maji ya goti. Enno alipiga honi, akanyamaza, akapiga. Fenna aliita jina mpaka koo likamuwasha. Hakuna kilichojibu. Alijaribu simu: haipatikani. Alipiga hatua kumi ndani ya ukungu akarudi mbio, kwa sababu katika hatua hizo kumi tuta lilikuwa limetoweka na hakujua amegeukia wapi. Aliogopa waziwazi, na hakuona haya.

Saa saba na dakika tano walisikia mtu akilia.

Koti la njano lilijitokeza si pale walipolitazamia, bali mkono wa kushoto, ng'ambo ya mtaro. Fenna hakungoja. Aliingia, maji yakamfika kiunoni, baridi ikamkata pumzi, mkondo ukavuta miguu yake. Alimshika mwanamke kwenye mkanda wa begi. Enno alikuwa nyuma ameshika mkono wa Fenna, na Bi Gesche, na viatu vyake vya dukani, alikuwa nyuma ya Enno. Walivutana hivyo mpaka nyasini.

Alenka Mrak alikuwa hai. Hilo Fenna alijiambia mara mbili, mpaka akaamini. Enno alimfunika blanketi. Mwanamke alitetemeka meno yakigongana, na mkononi alikuwa bado amekikamata kitabu, kidole kimekwama kwenye ukurasa wa sitini na nne.

"Alikudhuru?" Fenna aliuliza.

"Nani?"

"Habbo. Alikuzuia?"

Alenka alimtazama kama hajaelewa. "Hapana. Nilimwambia nageuka. Alihuzunika tu. Aliniuliza kama na mimi namwona mwongo. Alisema kile kitabu kinawazungusha watu bure, kwamba njia ya kweli ni iliyonyooka, ameipita mara elfu tatu. Alisema mkondo haujahama, ni vijana wanaosema umehama. Nikamuuliza, na yule mwalimu? Akasema mwalimu hakunyoosha."

"Miaka miwili na nusu hajatia mguu kule, mpaka leo," Bi Gesche alisema polepole. "Tangu nyonga. Tangu kabla ya dhoruba iliyouhamisha mkondo."

Fenna aliona yote mara moja, na akatamani asingeyaona. Mzee hakuwapa watu ramani ya kufia. Aliwapa njia anayoiamini, na mwaka akaukata kwa mkasi ili wasiidharau.

"Yuko wapi sasa?"

"Alisema nirudi kama naogopa, yeye ataendelea, afike ng'ambo, watu waone. Alisema atanipigia baragumu kila akipita mahali pakavu, nisikie mwenyewe." Alenka aliinua kichwa. "Sijalisikia bado. Labda honi ya gari..."

"Zima honi, Enno," Fenna alisema.

Enno alizima. Kimya kikashuka juu ya tuta. Maji tu ndiyo yalisikika sasa, yakinong'ona kwenye mitaro.

Kisha kutoka ndani kabisa ya ukungu, mbali, kwenye upande ambao hapakuwa na njia yoyote, baragumu lililia. Fupi. Fupi. Fupi.

"Tatu," Enno alisema. "Ishara ya viongozi. Tatu ni: hapa pakavu, nifuateni."

"Habbo!" Bi Gesche alipaza sauti, mikono mdomoni. "Shemeji! Rudi! Tunakuamini, rudi tu!"

Enno alikuwa ameshashika redio akiwaita watu wa boti, nao wakajibu kwamba imeanza kutikisika, itaelea baada ya dakika ishirini, labda kumi na tano. Fenna aliitazama saa yake kwa sababu hakujua atazame nini kingine. Zilipita dakika mbili. Tatu. Nne.

Likalia tena, dogo zaidi. Fupi. Fupi. Fupi. Bi Gesche alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika Fenna mkono. "Pakavu! Umesikia? Labda anajua, labda bado kuna..."

Dakika tano. Dakika sita. Mti wa kwanza wa mbetula, ulio karibu kabisa na tuta, ulikuwa sasa umesimama ndani ya maji.

Baragumu lililia.

"Moja," Enno alihesabu, bila kujua kama anahesabu kwa sauti.

Likalia tena.

"Mbili."

Walisimama wote wanne, wakisubiri la tatu.